Ekseli ya Gari la Zamani: Ilikotoka na Gharama Yake

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, msomaji atakuta habari za maghala, za mizani, za mikutano mikuu na za bei za mazao. Magari hayakupewa sura yao. Yametajwa katika hesabu ya matumizi tu, tena katika ule mstari wa matengenezo na vipuri, mstari ambao huleta maswali mengi mkutanoni kuliko mistari mingine yote. Mwanachama huuliza: Kwa nini gari la zamani, ambalo bei yake imekwisha kulipwa, lazidi kudai fedha? Na kwa nini fundi aomba ekseli nene zaidi na viungo vikubwa zaidi, hali vile vya kiwandani vilifanya kazi miaka mingi? Maswali hayo ni ya haki kabisa. Majibu yake yamo katika historia, kwa maana ekseli ya gari haikubuniwa siku moja wala na mtu mmoja, na kila badiliko lililofanywa lilikuwa na sababu yake, na pia deni lake.

Kwa mfano nimechagua gari moja tu, nalo ni lile gari dogo la mizigo la kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani, ambalo wengi katika Afrika ya Mashariki walilijua kwa jina la kombi. Si kwamba lilikuwa bora kuliko magari mengine yote. Nimelichagua kwa sababu ekseli zake za nyuma zilibadilishwa namna mara moja katikati ya maisha yake, na badiliko hilo laonyesha wazi kile kilichopatikana na kile kilichopotea.

Kwanza yafaa tulitazame tatizo lenyewe. Gari la ng'ombe halina tatizo hili. Gurudumu lake huvutwa, halizungushwi na kitu kilichomo ndani ya gari. Ekseli yake imetulia mahali pake, na gurudumu likipanda juu ya jiwe, gari zima huinama. Motokaa ni kitu kingine. Injini imefungwa mahali pamoja wala haihami. Gurudumu nalo lapanda na kushuka juu ya springi kila lipitapo shimo. Na kati ya viwili hivyo ni lazima ipite nguvu ya kuzungusha, bila kukatika hata kidogo. Magari mengi ya kwanza ya mizigo yalitumia minyororo, mfano wa ile ya baiskeli lakini minene, iliyozunguka nje katika vumbi na matope. Mnyororo ulikubali gurudumu lipande na kushuka, lakini ulilegea, ulipiga kelele, na uliyala meno ya magurudumu yake upesi.

Dawa ilikuwa imekwisha kubuniwa zamani sana, kwa kazi isiyohusu magari kabisa. Katika karne ya 17 Mwingereza Robert Hooke alitumia kiungo cha krosi katika vyombo vya kutazamia jua, akakieleza katika kitabu chake cha mwaka 1676. Watu wa bara la Ulaya hupenda kukiita kwa jina la Mwitalia Gerolamo Cardano, aliyeishi karne moja kabla ya Hooke, na ndiyo sababu katika lugha nyingi za huko shafti ya gari huitwa kardani. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa kiungo cha namna hiyo kwa motokaa, na mwaka 1904 akaanza kuvitengeneza kwa kuuza. Mnyororo ukaanza kuondoka, na shafti ikachukua mahali pake.

Walakini krosi ina kasoro moja ambayo jicho haliioni. Ikiwa imenyooka, hupitisha mwendo sawasawa. Ikipinda, shafti ya pili haizunguki sawa na ya kwanza: huchelewa, kisha hukimbia, kisha huchelewa tena, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Pembe ikiwa digrii 10 tofauti hiyo ni ndogo, mtu aweza kuisahau. Ikifika digrii 30, mwendo hushuka hata sehemu 87 katika 100, kisha hupanda hata 115. Hebu fikiri gurudumu linalosukumwa na kuzuiwa namna hiyo mara nyingi katika kila sekunde. Katika lori lenye ekseli nzima ya nyuma kasoro hii huponywa kwa kuweka krosi mbili, moja kila mwisho wa propela, zikiwa zimeelekezwa namna moja, hata ya pili ifute makosa ya kwanza. Kwa sababu hiyo, propela ikifunguliwa na kurudishwa bila kulinganisha alama zake, lori huanza kutetemeka, na dereva huilaumu barabara.

Sasa turudi kwa kombi. Mnamo tarehe 23 Aprili 1947, Mholanzi Ben Pon, mfanya biashara wa motokaa, alichora katika kijitabu chake picha ya gari lenye umbo la sanduku, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Kiwanda cha Wolfsburg kilianza kulitengeneza gari hilo Machi 1950, na mwaka 1956 kazi ikahamishiwa kiwanda kipya cha Hannover. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu, nalo gari lilitakiwa kuchukua mzigo wa kilo 750 hivi. Mkulima yeyote atauona ugumu uliokuwapo hapo: mnyama mdogo, mzigo mkubwa.

Wahandisi waliutatua ugumu huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ile waliyokwisha kuitumia katika gari la jeshi la wakati wa vita. Karibu na kila gurudumu la nyuma waliweka kisanduku cha meno ya kupunguza mwendo. Kwa njia hiyo shafti ilizunguka upesi kuliko gurudumu, na kwa hiyo ilibeba nguvu kidogo kwa kila mzunguko, kama mchukuzi apandaye mlima mara nyingi na vikapu vidogo badala ya mara moja na gunia zima. Tena kisanduku hicho kiliinua ekseli juu ya kitovu cha gurudumu, na gari likapata nafasi nzuri ya kupita juu ya mawe na matuta ya katikati ya njia.

Njia ya pili ilikuwa ekseli ya kubembea. Kila upande ulikuwa na kiungo kimoja tu, nacho kilikuwa ndani, kando ya difu, kikioga katika mafuta ya giaboksi. Kuanzia hapo shafti ilipita ndani ya bomba la chuma mpaka gurudumuni, na bomba na gurudumu vilipanda na kushuka pamoja kama mlango uzungukao juu ya bawaba. Ulikuwa mpango wa gharama ndogo, wenye vipande vichache, na kiungo kilijificha mbali na vumbi. Nguvu yake haikuwa ya kudharauliwa. Katika mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953, motokaa ndogo za Volkswagen zenye ekseli ya kubembea zilishinda mwaka 1954, na 1957, na tena 1962. Wale waliozitazama zikipita katika matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika hawakuhitaji mhandisi wa kuwaeleza kama ekseli ile yafaa.

Basi kwa nini iliachwa? Hapa ndipo jambo lilipo zito, kwa kuwa lahusu maisha ya watu. Bawaba ya ekseli ya kubembea iko karibu na katikati ya gari, na gurudumu likishuka, halishuki wima bali huinama. Gari likikata kona kwa kasi, au dereva akifunga breki kwa ghafula ndani ya kona, sehemu ya nyuma yaweza kuinuka, na gurudumu la nje likajikunja chini ya gari kama mguu uliotereza. Kuanzia hapo usukani haumsaidii dereva. Ndugu zetu waendeshao magari yenye mzigo wa juu na injini nyuma wajua kwamba gari la namna hiyo halitoi onyo mara mbili.

Habari hiyo ilipata kelele kubwa Marekani. Kampuni ya Chevrolet ilikuwa imetoa mwaka 1959 motokaa iitwayo Corvair, yenye injini nyuma na ekseli za kubembea, na baadaye magari ya mizigo ya ukoo huo huo. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapa kitabu, na sura yake ya kwanza iliishitaki Corvair kwa ajali zilizoua na kulemaza watu. Haki yatutaka tuseme mambo mawili zaidi. Kwanza, Corvair za mwaka 1965 zilikuwa zimekwisha kubadilishwa na kupewa viungo viwili kila upande kabla kitabu hakijatoka. Pili, uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 1972 ulisema kwamba Corvair za kwanza hazikuwa na hatari kupita motokaa nyingine za wakati wake. Mimi naona kwamba hukumu hiyo ya pili haiisafishi ekseli ya kubembea. Yasema tu kwamba haikuwa peke yake katika hatari.

Dawa ya kujikunja kwa gurudumu yajulikana: shafti iwe na kiungo kila mwisho, kimoja kando ya difu na kimoja kando ya gurudumu, ili gurudumu lipande na kushuka bila kuinama sana. Lakini shafti ya kombi ni fupi, na shafti fupi hupinda kwa pembe kubwa. Kuweka krosi za kawaida hapo ni kuleta ule mtetemeko tuliousema. Palihitajika kiungo kipindacho bila kuchelewa wala kukimbia, yaani kiungo cha mwendo sawa, ambacho mafundi wetu wa siku hizi hukiita sivi jointi.

Kiungo hicho kilizaliwa kwa haja ya watu wengine, wale waliotaka magurudumu ya mbele yavute gari, maana gurudumu la mbele halipandi na kushuka tu, bali hugeuzwa na usukani pia. Ufaransa, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walitengeneza kiungo walichokiita Tracta, wakapata hati yake mwaka 1926, na viwanda vya Kijerumani vya DKW na Adler vikakinunua kwa leseni. Marekani palikuwa na Carl Weiss, na hasa Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, ambaye kiungo chake ndicho baba wa vingi tulivyo navyo leo. Ndani yake mna gololi sita za chuma kigumu, zilizokaa katika mifereji, zikishikwa na kizuizi mfano wa pete yenye madirisha. Siri yake ni mahali gololi zikaapo. Shafti zikipinda kwa pembe yoyote, gololi zote sita hujipanga katikati kamili ya pembe hiyo, kama kioo kilichowekwa kati ya mtu na sura yake. Upande mmoja ukifanya jambo, upande wa pili hulifanya vile vile na kwa wakati ule ule.

Vita ya Pili ya Dunia ndiyo iliyovitoa viungo hivi katika vyumba vya majaribio. Jeep zaidi ya laki sita zilitengenezwa na Willys na Ford, na ekseli zao za mbele zilitumia namna mbalimbali: za Weiss, za Rzeppa na za Tracta. Land Rover za kwanza za mwaka 1948 nazo zilikuwa na viungo vya Tracta mbele. Baadaye kiwanda kikarudia krosi, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayakuendeshwa tena kila wakati bali palipohitajika tu. Mwaka 1959 motokaa ndogo ya Kiingereza iitwayo Mini, kazi ya Alec Issigonis, ilitolewa ikiwa na viungo vya ukoo wa Rzeppa katika magurudumu yake ya mbele, na hapo kitu kilichokuwa cha jeshi na cha matajiri kikawa cha mtu wa kawaida.

Hivyo Agosti 1967, kombi mpya ilipotoka Hannover, ilikuwa na ekseli ya viungo viwili kila upande, jumla viungo vinne vya gololi, navyo viliweza pia kuteleza kidogo ndani na nje ili shafti ipate urefu wake gurudumu lipandapo. Gurudumu likasimama vizuri katika kona. Vile visanduku vya meno vya magurudumuni vikaondolewa. Mwendo ukawa mkubwa zaidi, kelele ikapungua, na dereva akalala usingizi bora.

Sasa tulitazame deni. Visanduku vilipoondoka, kazi yao ya kuzidisha nguvu ilifanywa yote ndani ya giaboksi na difu, kabla ya shafti. Kwa maneno mengine, mchukuzi wetu alirudishiwa gunia zima. Shafti na viungo vilibeba nguvu kubwa zaidi kuliko zile za zamani, na ndiyo maana kombi ilipewa viungo vya kipenyo cha milimita 100, hali motokaa ndogo za kiwanda hicho hicho zilikuwa na vya milimita 94. Deni la pili ni kwamba viungo vilitoka katika mafuta ya giaboksi, vikawekwa nje, kila kimoja na grisi yake ndani ya mpira wenye mikunjo. Kiungo cha thamani kubwa kikawa chini ya ulinzi wa mpira wa thamani ndogo. Mwiba ukiutoboa, au jua na umri vikiupasua, grisi hurushwa nje, vumbi huingia, na gololi husaga mifereji yake kama jiwe la kusagia. Fundi wa ekseli ya kubembea alitazama kama mafuta yavuja. Fundi wa ekseli mpya ni lazima alale chini ya gari na taa, azungushe kila gurudumu, na kukunjua kila mkunjo wa mpira kwa kidole.

Tukifika hapa twaweza kulielewa ombi la ekseli nene zaidi. Wa kwanza kuviimarisha viungo hivi hawakuwa wakulima bali wakimbizaji wa magari jangwani. Mwaka 1967 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Mexican 1000 katika rasi ya Baja California, na mshindi alikuwa gari jepesi aina ya Meyers Manx, lililoundwa juu ya vyuma vya Volkswagen. Waundaji wa magari hayo walijifunza kuvitoa viungo vya motokaa ndogo na kuweka vya kombi, kwa kuwa vilikuwa vikubwa zaidi. Hivyo navyo viliposhindwa, wakachukua vya milimita 108 kutoka motokaa ya mbio ya Porsche 930. Wenye kombi za zamani wakafuata njia hiyo, hasa walipoanza kutoa injini za asili na kuweka nyingine zenye nguvu mara mbili au zaidi. Kiwanda chenyewe kilifanya jambo lililo karibu na hilo. Mwaka 1985 kilitoa kombi ya kuendeshwa na magurudumu yote manne, iitwayo Syncro, iliyoundwa pamoja na kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ya Austria, na ile yenye magurudumu ya inchi 16 ilipewa viungo na vyuma imara kupita wenzake.

Lakini wakimbizaji wale waligundua jambo ambalo halmashauri zetu zingefaidika kulijua kabla ya kutia sahihi. Kiungo kikiimarishwa, nguvu iliyokuwa ikikivunja haipotei. Huenda ikatafuta mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo huwa difu au giaboksi, ambayo bei yake ni ya kuumiza. Kiungo kilichokatika njiani hubadilishwa mchana mmoja. Giaboksi iliyovunjika hulaza gari wiki nzima, na maziwa hayangoji. Kwa gari lililobaki na injini yake ya asili na mzigo wake wa halali, viungo vya namna ile ile ya kiwandani, vipya na vya chuma kizuri, vyatosha. Vikubwa zaidi vina haki yake pale injini ilipobadilishwa, au mzigo ulipozidi kwa ruhusa ya wenye gari, na hapo yapasa giaboksi nayo ihesabiwe katika makisio yale yale. Kununua nusu ya kazi ni kuahirisha gharama.

Jambo jingine huletwa na watu wapendao kuliinua gari kwa springi ndefu ili lipite juu ya mawe. Gari likiinuka, shafti huinama zaidi hata likiwa limesimama. Gololi husafiri mbali zaidi katika mifereji kila mzunguko, joto huongezeka, mikunjo ya mpira husuguana, na kiungo ambacho kingedumu miaka huanza kugonga kabla ya wakati wake. Sauti ya kugonga hiyo yatambulika: husikika dereva akanyagapo mafuta baada ya kuyaachia, au aachapo ghafula baada ya kukanyaga.

Makarani wa vyama husaini vipuri bila kuviona, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Anayetaka kujua kama kiungo kimekwisha kweli na akifute, akitazame katika mwanga, na apitishe ukucha ndani ya mfereji. Mng'aro wa alama ya gololi si ugonjwa. Shimo, ngazi au ngozi ya chuma iliyobanduka ndiyo ugonjwa. Kadhalika na atazame boliti sita zishikazo kila kiungo, maana grisi ikibaki katika matundu yake hulegea zenyewe, na viungo vizima vimepata kutupwa kwa kosa la boliti.

Na kama mifereji imelika upande mmoja tu, kuna njia ambayo mafundi wa kombi waliizoea. Gari huenda mbele zaidi kuliko nyuma, kwa hiyo gololi husukuma ubavu mmoja wa mfereji karibu maisha yake yote, na ubavu wa pili hubaki kama ulivyotoka kiwandani. Mafundi hao huzitoa shafti zote mbili pamoja na viungo vyake, huziosha, huzipaka grisi mpya yenye moli, kisha huirudisha ya kushoto upande wa kulia, na ya kulia upande wa kushoto. Gololi huanza kusukuma ubavu usioguswa, na gari hurudi kazini kwa gharama ya grisi na mipira minne.